Kitabu Kisichoonjwa

Ukiingia kwenye duka la vitabu la Kornelia, nyuma ya soko kuu la Moshi, utamkuta akifanya jambo moja ambalo wateja wake wamelizoea hata hawalioni tena. Kitabu kipya kikitoka kwenye boksi, haangalii picha ya jalada wala jina la mwandishi. Anakishika mgongoni, anashusha kidole gumba mpaka chini kabisa, pale kampuni za uchapishaji zinapoweka nembo zao. Nembo ikiwepo, kitabu kinapanda kwenye rafu. Isipokuwepo, kinarudi kilikotoka, na aliyekileta anaondoka na kinyongo chake.

Kwa kidole hicho Kornelia amekula na amelea. Walimu wa Sanya Juu wanamwagizia vitabu kwa simu bila kuuliza maswali. Wazazi wa Soweto, mtaa anaokaa, wanamtuma mtoto dukani bila hata kutaja jina la kitabu: "Mwambie Mama Given akupe kizuri." Mama Given anatoa kimoja, mtoto anaondoka nacho, na hakuna anayerudi kulalamika. Moshi ni mji wa watu wanaokagua hata ndizi aliyowapa mama yao mzazi, kwa hiyo kuaminiwa namna hiyo si jambo dogo.

Ujuzi huo aliupata kwa marehemu Mzee Eliezeri, aliyekuwa msimamizi wa duka la vitabu ambako Kornelia aliingia akiwa msichana, ametoka tu kumaliza darasa la saba, kazi yake kufagia na kufuta vumbi. Mzee Eliezeri alivaa koti hata jua likiwaka, na alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba vitabu vimelala. Siku moja Kornelia alimuuliza anajuaje kwamba kitabu ni kizuri. Mzee akamwonyesha nembo chini ya mgongo. "Hiki kimesomwa na watu wenye akili zao kabla hakijatufikia," alisema. "Wamekipima, wamekichuja. Sisi ni nani tukipime tena?"

Kornelia aliyameza maneno hayo mazima mazima, na yakakaa humo. Jambo ambalo wateja hawakulijua ni hili: mwanamke huyu alisoma kupita kiasi. Alisoma wakati wa mchana duka likipoa, alisoma akisubiri wali uive. Lakini kitabu chenye nembo kikimchosha, alijilaumu yeye. Alijisemea kichwa chake ndicho kizito, elimu yake ndiyo fupi. Kikimpendeza, alinyamaza akisubiri mwalimu fulani aje akisifie, ndipo naye aone ana ruhusa ya kukipenda. Mteja akimuuliza, "Hiki vipi, Mama Given?" alikuwa na jibu moja tu, na alilitoa kwa upole: "Kimetoka kampuni nzuri." Miaka yote hiyo dukani, hakuwahi hata siku moja kusema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba kitabu hiki kizuri na kile kibaya.

Aliwahi kulegeza msimamo wake mara moja, na alijuta. Alikuja bwana mmoja mwenye maneno matamu na kitabu cha ufugaji wa kuku, amekiandika mwenyewe na amekichapa kwa fedha zake. Kornelia alimwonea huruma, akakiweka kwenye rafu. Joyness, mfugaji wa kule Himo, akakinunua, akafuata kipimo cha dawa kama kilivyoandikwa. Sifuri moja ilikuwa imezidi na hakuna mtu aliyeiona kabla ya kuchapwa. Joyness alikuja dukani na kikapu, akakiweka juu ya meza katikati ya vitabu vya nyimbo na madaftari, akafunua kitenge. Vifaranga walikuwa wamelala humo wamekauka. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama Given, yule bwana mimi simjui. Niliyemwamini ni wewe."

Kornelia alimlipa hasara yake, lakini maneno yale hayakulipika. Tangu siku hiyo, kitabu kisicho na nembo alikiogopa kama ugonjwa.

Ndipo akaja Dominika.

Dominika ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe Filemon, na kama kuna mtu ambaye Kornelia hawezi kumwambia hapana, ni yeye. Filemon alipofariki, wengine walilia wakarudi makwao, lakini Dominika alihamia kwa Kornelia. Alilala naye kitanda kimoja, akampikia supu ya mtori, akamlazimisha kuoga, mpaka siku Kornelia alipoamka mwenyewe akaenda kufungua duka. Kisha akapanda zake Kibosho, kwenye kihamba chake cha kahawa na migomba, bila kutaka shukrani. Alikuwa amefundisha watoto wa chekechea ya kanisa mpaka akachoka, na baada ya hapo watu walijua anashughulika na ng'ombe wake tu. Kumbe alikuwa anaandika.

Aliandika kwa miaka. Alipomaliza, alipeleka kazi yake kwenye kampuni mbili. Moja haikumjibu kabisa. Ya pili ilimwandikia kwa adabu kwamba kwa sasa inachapisha vitabu vya shule tu. Dominika akauza ng'ombe, akaenda kwa mchapaji mmoja pale mjini, na asubuhi moja ya Desemba akashuka mbele ya duka la Kornelia kwenye pikapu ya jirani, amekaa katikati ya mikungu ya ndizi na maboksi ya vitabu.

"Wifi," alisema huku anahema, "nimekuletea mtoto wangu."

Kilikuwa kitabu chembamba chenye jalada la kijani, kinaitwa *Njia ya Majani*. Kornelia alikipokea kwa furaha ya kweli, na kabla hajajizuia kidole chake kilikuwa kimeshashuka chini ya mgongo. Dominika akakiona kidole hicho.

"Hakuna kitu hapo," alisema. "Usijisumbue."

"Nani amekihariri?"

"Mimi."

"Na baada yako?"

"Mimi tena."

Wakacheka wote wawili, lakini kicheko cha Kornelia hakikufika mbali. Dominika akaendelea bila kuona, au alijifanya haoni. Krismasi ukoo mzima utakuwa nyumbani, alisema. Kaka Sirili ameshapanga: Kornelia ndiye atakayekitoa kitabu mbele ya ukoo, kwa kuwa yeye ndiye mtu wa vitabu na neno lake linasikika. "Ukikitoa wewe watakichukua. Wananijua mimi kwa maziwa, kwa vitabu hawanijui. Kikishatoka pale, basi ukiweke dukani kwako. Sina pengine pa kukipeleka."

"Nitakisoma kwanza," alisema Kornelia.

Hilo ni neno zuri sana la kuahirishia mambo. Dominika alimkumbatia, akapanda pikapu, akaondoka akipunga mkono.

Kornelia aliyasukuma maboksi chini ya meza, akayafunika gunia. Kila siku aliyaona na kila siku alipata kazi nyingine. Mara moja tu alijipa moyo, akachukua kitabu kimoja akafungua ukurasa wa kwanza. Mstari wa tatu ulikuwa na maneno mawili yaliyogandana kuwa neno moja. Akakifunga haraka. Vifaranga wa Joyness walimjia mbele ya macho, wote, na kikapu chao.

Kama ungemuuliza anaogopa nini, angekwambia anaogopa kitabu kuwa kibaya, kwa kuwa itambidi achague kati ya jina la duka na mtu aliyemwogesha alipokuwa mjane mpya. Hiyo ilikuwa nusu ya hofu. Nusu ya pili hakuisema hata mwenyewe. Je, kikiwa kizuri, atajuaje? Hakuna mtu mwenye akili zake aliyekipima kwanza. Angebaki peke yake na kitabu, yeye na darasa lake la saba, na angetakiwa aseme.

Akakata shauri. Atakitoa mbele ya ukoo kwa maneno mazuri, kama mtu anayepokea kitu huku na kukipitisha kule. Suala la kukiweka dukani atalivuta vuta mpaka lisahaulike. Alijihakikishia kwamba huo si uongo.

Krismasi ikafika, na nyie mnajua Uchagani panavyokuwa. Waliopotea mwaka mzima wanaonekana. Magari kutoka Dar es Salaam yanabanana kwenye njia za kahawa ambazo siku nyingine hupita mbuzi, na watoto waliozaliwa Mbezi wanafundishwa upya kumwamkia bibi. Siku ya pili yake, mchana, ukoo ulikusanyika uani kwa Sirili. Sirili ndiye kaka mkubwa na mwenyekiti wa ukoo, mzee mkavu wa maneno, ambaye ukimwacha achague kati ya kuongea na kupogolea kahawa atachukua mkasi. Watu walikaa kwenye mabenchi chini ya migomba, machalari ya ndizi na nyama yalikuwa yamechemka kwenye sufuria kubwa, na mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ilikuwa tayari.

Gladys, mke wa Sirili, ndiye aliyeipika. Alichota kwa kata, akasimama mbele ya mume wake, akanywa yeye kwanza, funda moja watu wote wakiona, akafuta mdomo, ndipo akampa. Sirili akapokea kwa mikono miwili. Hivyo ndivyo inavyotolewa huku mlimani tangu enzi za mababu: anayekupa mbege anainywa mbele yako, ujue iliyomo ni salama na yeye anaisimamia. Kornelia alikuwa ameiona desturi hiyo tangu anatambaa, na wakati Gladys anakunywa yeye alikuwa anapanga hotuba yake.

Akaitwa. Akasimama na kitabu cha kijani mkononi, akazungumza vizuri kama alivyojiandaa. Alisifu juhudi, alisifu uvumilivu, alisema ukoo umepata heshima. Watu wakapiga makofi. Dominika alikuwa amekaa mwisho wa benchi, amevaa gauni la kanisani, mikono imebana magoti kama mtoto anayengojea majina ya waliofaulu.

"Ndugu zangu, hiki ndicho kitabu cha wifi yangu," alimalizia Kornelia. Akamgeukia Sirili, akainama kidogo, akakinyoosha. "Shemeji, naomba ukipokee kwa niaba ya ukoo."

Sirili hakunyoosha mkono. Alikiangalia kitabu, akamwangalia na yeye.

"Shemeji, umekionja?"

Watu wakacheka wakidhani ni utani. Yeye hakucheka.

"Nakuuliza. Huyu Gladys amenipa mbege hapa nyumbani kwangu, kwenye uwanja wangu, ya ndizi zangu. Tumeoana tukiwa vijana, sasa tuna wajukuu, na bado anakunywa kwanza ndipo ananipa. Wewe unanipa kitu mimi sijui kilichomo. Kina jina la mama yangu humo, nimeambiwa. Umekionja?"

Uongo ulikuwa karibu sana mdomoni mwa Kornelia. Angesema ndiyo, mzee angepokea, watu wangekula machalari yao. Lakini alimwona Dominika, na Dominika alikuwa ameshainua uso, anangoja kwa imani yote kusikia ndiyo.

"Bado, shemeji," alisema.

Dominika akateremsha macho akaangalia mikono yake. Kornelia ameniambia kwamba kwenye maisha yake amepokea maneno makali mengi, na kikapu cha vifaranga juu, lakini namna Dominika alivyoangalia mikono yake ilimchoma kuliko vyote.

"Basi onja," alisema Sirili, tena bila ukali. "Sisi tupo."

Hapakuwa na pa kukimbilia. Kornelia alivaa miwani. Ukurasa wa kwanza aliukwepa, kwa sababu alijua kinachomsubiri kwenye mstari wa tatu, akafungua katikati pale kidole kilipoangukia. Alianza kusoma kwa sauti kavu, ile ya kusomea matangazo kanisani.

"'Tulishuka porini kukata majani ya ng'ombe kabla jua halijachomoza, mlima ukiwa mgongoni. Tulipanda mchana, mlima ukiwa mbele yetu. Lakini mwenye mzigo kichwani hainui uso. Ukiinua uso, mzigo unaanguka nyuma, na kuufunga upya ni kazi ya watu wawili. Kwa hiyo mama yangu Leonia alizaliwa chini ya Kibo, akaolewa chini ya Kibo, akazaa chini ya Kibo, na njia ya kurudi nyumbani aliijua kwa visigino vya mwanamke aliyemtangulia.'"

Sauti ile kavu ilikuwa imeshampotea. Hakujua imempotea wapi. Akageuza ukurasa.

"'Nilipoanza kwenda nao niliwekwa katikati ya mstari. Hatukuweza kugeuka kuongea, kwa hiyo kila mmoja aliongea na kisogo cha mwenzake. Ukikiambia kisogo jambo lako, hakikuangalii, hakikuonei huruma, unalisema lote. Mambo ambayo mama zetu hawakuambiana uso kwa uso maisha yao yote, waliambiana hivyo, kati ya bondeni na nyumbani. Nani amepigwa. Nani mimba imemtoka na hajamwambia mume wake. Mwisho wa mstari walitembea wazee, maana hao walishasikia kila kitu, na walipoona mmoja analemewa na maneno, waliimba.'"

Pale kwenye benchi la wazee, Bibi Elizabeth, shangazi yao mkongwe kuliko wote, alikuwa ameacha kutafuna. Taratibu alivua kilemba, akaweka kiganja utosini, pale ambapo nywele zilikatika kwa mizigo ujanani na hazikuota tena. Mwenzake aliyekaa kushoto akamwangalia, naye akapeleka mkono utosini kwake. Vijana waliokuwa wameshika simu walizishusha. Mmoja wao alimgeukia mama yake, mwanamke mzima na mwajiriwa wa serikali, akakuta analia bila kujificha.

Kornelia hakuyaona hayo. Alikuwa anasoma.

"'Mwaka shingo ya mama ilipokataa mzigo, tulimwacha nyumbani. Asubuhi ya kwanza nilimkuta amekaa uani na bakuli la uji. Mawingu yalikuwa yameondoka. Alikuwa anaangalia juu. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, akaniuliza, Hivi kumbe ni mkubwa kiasi hiki? Nilicheka, nikadhani mama anatania. Mama hakuwa anatania. Alikaa palepale mpaka mawingu yaliporudi kuufunika, na uji ukapoa mkononi.'"

Hapo aliacha kusoma, ukurasa haujaisha. Sufuria peke yake ndiyo iliyokuwa inatokota.

Nataka nikueleze kilichompata mwanamke huyu akiwa amesimama pale, kwa sababu yeye mwenyewe akikihadithia anatikisa kichwa mpaka leo. Dukani kwake alikuwa ameuza vitabu vingi juu ya mlima huo. Vya urefu wake, vya barafu yake, vya wageni walioupanda na maua waliyoyakuta njiani, vyote na nembo zao, na vingine vizuri kweli. Katika vyote hivyo hakuwahi kukutana na mtu aliyeishi chini ya mlima maisha yake yote asipate nafasi ya kuutazama. Mkwe wake huyo, Mama Leonia, alikuwa amemjua. Alimpikia, alimnyoa nywele, alimzika. Na sasa alikuwa anamwona kwa mara ya kwanza. Aliyefanya hivyo ni Dominika, huyu huyu wa maziwa, anayevaa raba zilizochanika na kubishana na majogoo.

Halafu likaja la pili, na lilimtisha kuliko la kwanza. Alijua. Kitabu kile kilikuwa kizuri na yeye alijua, kama unavyojua chai ina sukari. Hakuna kampuni iliyomtangulia, hakuna mwalimu aliyekuja kusifia, Mzee Eliezeri yuko kaburini. Ujuzi ule ulitoka ndani yake mwenyewe, tena haukuwa mgeni. Alitambua kwamba alikuwa nao tangu akiwa binti anafuta vumbi, na kila ulipotaka kusema alikuwa akiufunika mdomo. Vile vitabu vilivyomchosha vilikuwa vinachosha kweli.

Sirili alikohoa. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili.

"Sasa lete, shemeji."

Kornelia alikibana kitabu kifuani. "Samahani, shemeji. Nimeonja tu. Niache nimalize."

Hapo ndipo ukoo ulipocheka, kicheko kikubwa cha kupumua, na Bibi Elizabeth akaagiza kwa Kichaga mama huyu apewe maji. Dominika peke yake hakucheka. Alikuwa anamwangalia Kornelia bila kupepesa, na usoni mwake palikuwa na kitu kinachofanana na hofu.

Kesho yake ilikuwa siku ya kazi. Wateja walikuta duka limefungwa, wakapiga simu, simu ikaita bila kupokelewa. Kornelia alikuwa Kibosho, kwenye benchi nje ya banda la ng'ombe la Dominika, na kalamu ya risasi mkononi. Alianza ukurasa wa kwanza, akapita kwenye yale maneno yaliyogandana, akayatenganisha kwa mstari mdogo, akaendelea. Mara nyingine aliandika pembeni. Mara nyingine aliacha kusoma akatazama migomba tu, mdomo wazi, kama mtu aliyeamshwa. Na wifi yake huyo walikuwa wameosha vyombo pamoja, wamechambua kahawa pamoja, wamegombana juu ya chumvi kwenye sufuria ya kiburu. Muda wote ule maneno haya yalikuwa yanakaa humo ndani ya kichwa chini ya kilemba, na yeye alikuwa akimuuliza hali ya ndama.

Dominika naye hakuwa na raha. Alifagia uwanja. Alipomaliza alifagia tena palepale. Aliwapa ng'ombe majani ambayo hawakuyahitaji, na kila alipopita mbele ya benchi alitembea polepole, akijaribu kuona kalamu imeandika nini.

Jua lilipoanza kuegemea upande wa Machame, Kornelia alifunga kitabu.

"Wifi, njoo ukae."

Dominika akakaa na ufagio wake magotini. Kornelia alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kilichokuwa mbele yake hakuwahi kukifanya.

"Kuna makosa ya kuchapa," alianza. "Mengi, nimeyawekea alama. Hayo ni madogo. Sura ya nne unarudia yale yale ya sura ya pili, na ya pili uliyasema vizuri zaidi, kwa hiyo ya nne itoe. Pale wanawake wanapoongea na visogo, wifi, sijawahi kusoma kitu kama hicho. Usiguse hata herufi." Akameza mate. "Lakini mazishi ya mama umeyakimbia. Umetutembeza naye njia yote ile, tumebeba naye, tumezeeka naye, halafu unamzika kwa nusu ukurasa. Nilifika pale nikakasirika. Nilikukasirikia wewe."

Dominika aliinamia ufagio. Machozi yalimshuka kimya kimya, yakaangukia kwenye mpini wa ufagio.

Kornelia alishtuka. "Nimekuumiza. Dominika, nisamehe, mimi ni nani hata..."

"Nyamaza kidogo," alisema Dominika. Alijifuta kwa upindo wa khanga. "Kampuni ya kwanza haikunijibu. Ya pili ilinieleza habari za vitabu vya shule. Mchapaji aliniuliza napenda jalada la rangi gani. Kanisani wameniambia hongera, hongera, na hakuna aliyefungua. Nimeandika miaka yote hiyo nikidhani naandika peke yangu kama kichaa. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniambia kwamba nilikimbia." Akavuta pumzi. "Nilikimbia kweli. Kila nikifika kaburini mkono unagoma."

"Basi rudi tena. Nitakuja tukae wote hapa."

"Na hivi nilivyochapa?"

"Hivi nitaviuza. Na kila anayechukua nitamwambia sura ya nne airuke, na mwisho mwandishi alikimbia lakini amesharudi kuuandika."

Dominika alicheka huku bado analia. Kisha kicheko kikakoma, kwa kuwa yeye pia alimjua Joyness wa Himo, na alijua duka lile limesimama juu ya nini.

"Wifi, watu wa Moshi unawajua. Watakigeuza geuza. Watakuuliza hiki nani amekipitisha."

Ng'ombe walikuwa wanatafuna nyuma yao. Kornelia aliangalia kitabu cha kijani kilichojaa alama za kalamu yake.

"Nitasema mimi," alijibu.

Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka, ikabidi aseme mara ya pili ili naye ajisikie.

"Mimi, Kornelia. Nimekisoma mimi."